Bunju Si Mboga

Mimi nimestaafu, ila nyinyi ndio hamtaki nistaafu. Jumapili baada ya ibada mmenijia tena kibarazani, safari hii na simu mbili zilizojaa picha za bunju, na swali lenu ni lile lile: "Papa Kaluba, yupi ni mzuri zaidi?" Wazuri wote, wanangu. Hata yule mwenye sura ya shemeji ambaye hakualikwa harusini ni mzuri kwa namna yake. Swali la kuuliza ni jingine kabisa, na mimi kulijua nusura kulete matanga.

Nimeamua kuandika, kwa sababu nikisema mnachukua nusu na kukimbia. Jolie, mjukuu wangu, wewe soma kwa sauti. Na wewe Bridget, unayecheka kabla hata sijaanza, cheka tu. Utanyamaza mwenyewe kabla ya mwisho.

Bunju ni samaki mnene asiye na magamba. Macho yake yanazunguka kila moja kivyake, hivyo anaweza kukutazama wewe na kutazama chakula kwa wakati mmoja. Meno yake yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku. Akitishwa anakunywa maji haraka haraka na kuvimba hadi anakuwa mpira. Wengi wao ni wa baharini, lakini wapo wa maji baridi, na hao ndio tunaowaweka katika tangi la kioo nyumbani. Hapa Mweru sijapata kumwona hata mmoja, na ziwa hili nimekaa ng'ambo zake zote mbili. Ndiyo maana watu wa Nchelenge, mji wa upande huu wa Zambia, hawakuwa na jina lake. Walipomwona kwangu walimwita "samaki ya balo", yaani samaki wa mpira, wakamaliza.

Kazi hii ya samaki wa kioo niliianzia Kalemie, kule Kongo kwenye Ziwa Tanganyika, kwa mama mmoja aliyeitwa Mama Foni. Alikuwa akinunua samaki wazima kutoka kwa wavuvi na kuwapeleka uwanja wa ndege ndani ya mifuko ya plastiki, wasafiri kwenda kutazamwa Ulaya. Mama huyo alikuwa mfupi, mkali, na mfuko wa aproni yake haukukosa njugu za kutafuna. Mimi nilitoka Pweto, upande wa Kongo wa ziwa letu hili, mtoto wa mvuvi, nikidhani nimefika mahali ambapo hakuna wa kunifundisha samaki.

Siku ya tatu wakaleta bunju wadogo kwenye ndoo. Mama Foni akaniambia nichague sita wazuri. Mnajua watu wa pwani ya ziwa letu wanavyochagua samaki: unamshika, unamminya tumbo kwa kidole gumba. Likiwa gumu, ni wa leo. Likibonyea, ni wa juzi, mrudishie mwenyewe na salamu zake. Kila mama hapa Kashikishi anafanya hivyo, hata akiwa anaongea na simu. Basi mimi nikamtoa bunju wa kwanza kwenye maji, nikamminya tumbo.

Akavimba mkononi mwangu kama andazi kwenye mafuta. Na kwa kuwa alikuwa nje ya maji, hakuvuta maji, alivuta hewa. Nikamrudisha kwenye ndoo, akaelea juu, tumbo likitazama mbingu, mapezi yanapiga bila kufika popote.

"Aa! Weye Kaluba, njo nini unafanya pale?" Mama Foni alinifokea. "Ile iko ndizi, unaminya?"

"Mama, nilitaka kuona kama iko muzima."

"Ilikuwa muzima! Sasa imevuta mupepe. Mupepe haitoke yenyewe sawa mayi. Mushike ndani ya mayi, kinywa yulu, mukia chini, ungoye. Na kama anakufa, weye njo utaambia patron, hapana mimi."

Nikamshika namna hiyo, nikingoja huku magoti yakiniuma, hadi akatoa mapovu moja moja kama mzee anayecheua baada ya bukari, ugali wetu. Mama Foni alisimama pembeni akila njugu zake, akinipa somo ambalo ninawapa nanyi bure. Bunju haminywi, anatazamwa. Mwangalie kutoka ubavuni. Tumbo liwe la mviringo kidogo. Likiwa limeingia ndani na mgongo umekonda kama kisu, ana minyoo, mwache hapo hapo dukani hata kama macho yake yanakulilia. Macho yawe safi na yakufuate unapotembea. Na kabla hujamchukua, mwambie muuzaji amlishe mbele yako. Bunju asiyekula mbele ya watu hana haya, ana ugonjwa.

Haya, sasa aina, maana najua Jolie ameruka hadi hapa.

Yule mkubwa, anayeitwa mbu kama yule mdudu wa malaria, ndiye mnayempenda nyote. Akiwa mdogo ana uso wa mtoto mchanga na mistari ya njano na kahawia iliyozungukazunguka kama mtu aliyejaribu kalamu. Anakuja kwenye kioo kukusalimu, anakujua kwa sura. Mtamnunua akiwa sawa na kidole. Kisha atakuwa mrefu kuliko mkono wangu toka bega hadi kiganja, na tangi lenu la mezani litakuwa kwake kama viatu vya mwaka jana. Mbu anataka bwawa, na wewe Jolie unalala chumba kimoja na dada zako watatu. Mwacheni mbu mtoni kwake.

Yuko mwenye madoadoa wa mto Kongo, wa ukubwa wa kiganja, mpole kuliko wote niliowalea. Huyo ningekupeni kwa moyo mweupe, ila kumpata ni bahati. Yuko wa Asia mwenye alama kama tarakimu ya nane mgongoni. Maduka yanamwuza kama wa maji baridi, lakini anataka chumvi kidogo kwenye maji yake. Usipompa anaishiishi tu na kufa bila kukuambia kosa lako. Na yuko yule wa India, kijani, mdogo kama njegere, anayekaa hata kwenye tangi dogo lenye majani mengi. Msimdharau, anauma mikia ya wenzake kwa furaha kabisa.

Wote wanataka konokono. Meno ya bunju hayaachi kukua, na asipopasua vitu vigumu meno yanamfunga kinywa, anakufa njaa mbele ya chakula. Lakini konokono msiokote ufukweni. Mnataka kuleta kichocho nyumbani kwa sababu ya samaki? Mimi niliwazalisha kwenye pipa nyuma ya nyumba, kwa majani ya kabichi. Majirani wa Nchelenge walisema mkimbizi huyu Mkongomani anafuga konokono awale. Niliwaacha waseme, kwa sababu tangu hapo hakuna aliyenigongea saa ya chakula.

Sasa niwaambie juu ya bunju mmoja aitwaye miurusi, na hapa Bridget akae vizuri.

Vita vilipotufukuza, tukavuka ziwa kutoka Pweto, nilikuwa na mfuko mmoja wa plastiki na mke mwenye homa. Tulipokelewa Kenani, kambi ya wakimbizi, tukakaa kwenye hema, tukangoja. Mtu aliyezoea kuamka na kazi akikaa akingoja anaoza taratibu. Kwa hiyo siku niliposikia kuna mama wa Nchelenge mwenye gesti, amenunua tangi kubwa la kioo kwa ajili ya chumba cha kulia na hajui aweke nini ndani yake, nilikwenda kwa miguu. Mama huyo tulimwita Bana Chanda, yaani mama yake Chanda, kama ilivyo heshima ya huku. Mwili mkubwa, sauti kubwa, moyo mkubwa, na subira ndogo kama kijiko cha chai.

"Ba Kaluba," aliniambia, "minataka samaki batu ba Mansa bapande minibasi juu ya kuja kuiona. Ukiweza, kazi iko yako. Ukishindwa, njia ya Kenani unaijua."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Duka la Lusaka lilituma picha. Yeye alimtaka mbu, bila shaka, maana watu wa ziwa tukiona samaki tunauliza atakuwa mkubwa kiasi gani. Nilimpinga kwa siku mbili nikashinda. Nikachagua miurusi, bunju mwekundu wa mto Kongo, wa urefu wa mkono wa mtoto toka kiwiko, kwa sababu haogelei sana, tangi lile lingemtosha maisha yake yote. Hilo lilikuwa kweli. Yaliyobaki niliyameza. Sikumwambia kuwa miurusi anajizika kwenye mchanga, akaacha macho na mdomo tu, akingoja mlo upite. Sikumwambia kuwa anakaa peke yake na hataki rafiki. Na sikumwambia jambo kubwa kuliko yote, kwamba nyama yake ni sumu. Haiishi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Inaanza na ganzi ya midomo, inamaliza pumzi, na hakuna sindano ya kuifukuza.

Niliogopa. Niliona nikisema sumu, mama huyu atasema hapana, nami nitarudi kwenye hema. Nikajiambia, nani atamla samaki wa kwenye kioo?

Akafika kwa basi kupitia Mansa, ndani ya boksi lililofungwa kwa kitenge, akaingia kwenye tangi, akazunguka mara moja, akajizika. Na huo ndio ukawa mwisho wa kuonekana kwake. Watu walikuja, wakainama, wakaona mchanga.

"Ba Kaluba, mwe," Bana Chanda aliniambia wiki ya pili, "bageni banauliza samaki iko wapi. Minabaambia iko. Banasema, iko sawa vile malaika beko, ao iko kweli?"

Mchungaji wake akamwonea huruma, akamletea samaki sita wadogo wa ziwani, wenye rangi, wamchangamshe. Ilikuwa Jumatatu. Jumatano walikuwa wanne. Ijumaa alibaki mmoja, amejibanza kwenye kona ya juu kabisa, akitazama chini kama mtu aliyepewa habari mbaya. Wahudumu wakaanza kusema maji yale yanakula samaki. Mchungaji akaombea tangi. Miurusi, chini ya mchanga, alinenepa.

Mpishi wa gesti alikuwa Bashi Kasonde, yaani baba yake Kasonde. Mtu mwema, mkimya, mwenye watoto watano na mikono isiyokaa. Yeye ndiye aliyenipa sahani ya kwanza ya chisense, dagaa wa huku, nilipofika pale na njaa, bila kuniuliza natoka wapi. Sasa sikilizeni desturi ya pwani hii, maana mmezaliwa ndani yake hadi hamuioni tena. Ukisaidia kuvuta wavu, hupewi asante, unapewa mboga, yaani samaki wa kuteremshia bukari. Ukibeba kapu, mboga. Ukiwa tu umesimama karibu na uso wa kusikitisha, mboga. Na samaki akifa mahali pa kazi, ni wa aliyemkuta. Hakuna anayemwuliza tajiri, na tajiri mwenyewe angeshangaa kuulizwa. Samaki kutupwa? Hiyo ni dhambi.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Umeme ukikatika pampu ya hewa inanyamaza, na dawa yake ni kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, tena na tena, yapate hewa. Nilifanya hivyo hadi saa tano, kisha nikatoka kwenda Kashikishi kutafuta betri. Nilirudi saa saba, mikono mitupu. Nikachota tena maji kwa kikombe. Akaja mgeni mmoja, mwalimu, akauliza samaki yuko wapi. Nikamwonyesha kwa kidole: "Yule pale, tazama vizuri, utaona macho." Mwalimu alitazama na kutazama, akasema ndiyo, anayaona, ni mazuri sana.

Mimi sikuyaona. Nikachukua kijiti nikakoroga mchanga taratibu, kona hii, kona ile. Tangi lilikuwa tupu. Nilikuwa nimemsifia mtu mchanga kwa robo saa.

Nikamwuliza mfua nguo aliyekuwa uani. Akajibu bila kuinua kichwa:

"Bashi Kasonde alimukuta amelala yulu ya muchanga, rangi yote imetoka. Amemupeleka ku nyumba. Mboga."

Wanangu, goti langu la kulia halikunjiki tangu tulipokimbia Pweto. Siku hiyo lilikunjika. Nilichukua baiskeli ya gesti ambayo breki yake ni miguu ya mwendeshaji. Nilishuka barabara ya sokoni nikipiga kelele mabreki, mabreki, kana kwamba watu wa sokoni ndio wenye mabreki. Nikapita katikati ya mkeka wa mama mmoja wenye chisense zilizokuwa zikikauka. Matusi aliyonipa yalikuwa ya Kibemba, namshukuru Mungu, kwa maana wakati ule Kibemba changu kilikuwa kichanga. Njiani nilikuwa nikihesabu: maji kuchemka, muda gani? Nyanya, kitunguu, muda gani? Nilimwomba Mungu mkaa wao uwe mbichi.

Nilipofika kwenye ua wao nikasikia ukelele wa mwanamke. Ukelele wa juu kabisa, ule wa msibani. Nikaiachia baiskeli, ikaenda peke yake hadi kwenye ukuta wa jikoni. Nilijua nimechelewa. Nilisimama pale, nikawaona watoto wote watano kichwani mwangu mmoja baada ya mwingine.

Kisha nikasikia kicheko.

Nyuma ya nyumba walikuwa wamezunguka dramu la maji ya kuoshea. Sufuria ilikuwa jikoni, maji yanachemka, nyanya zimekwisha kukatwa. Bana Kasonde, mama wa nyumba, alikuwa na kisu mkono mmoja, mkono mwingine ameushika kifuani. Na juu ya maji ya dramu ulikuwa unaelea mpira mwekundu wenye macho.

"Ba Kaluba! Mayo we!" akaniambia. "Minaminya tumbo juu nione kama ni ya leo, inavimba mu mukono! Inanitazama! Minaitupa mu dramu! Hii samaki yenu iko na pepo?"

Mnaelewa? Kidole gumba. Kile kile kilichonifanya nitukanwe Kalemie. Angekuwa mama wa mji mwingine, angemkata tu samaki na kumtia sufuriani. Lakini mama wa pwani hii hawezi kupika samaki ambaye hajamminya tumbo, hata kama mumewe ameapa ni wa leo.

Nilipiga magoti kwenye matope nikalia. Watoto wakazidi kucheka, wakadhani namlilia samaki. Nikaingiza mikono kwenye dramu, nikamshika, kinywa juu, mkia chini, kama nilivyofundishwa. Akatoa mapovu; kumbe kwenye tangi hakuwa amekufa, alikuwa amezimia tu kwa kukosa hewa. Na yeye alipokuwa akitoa hewa yake, nami nikatoa yangu.

"Bashi Kasonde, samaki huyu ni sumu. Mungekula, leo mungekufa."

Kicheko kikakatika. Bana Kasonde akawasukuma watoto ndani ya nyumba. Mumewe akamwaga maji ya sufuria juu ya mkaa, akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Kalemie."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alichukua ndoo, akaijaza maji, tukamtia samaki, akaishika ndoo yeye mwenyewe na kutembea mbele yangu hadi gesti. Mlangoni akaiweka chini.

"Mi nilikupatia mboga siku ulifika," alisema. "Weye ulinificha kifo mu chumba minapangusa kila siku. Ingia, umwambie mama. Mi sitakusemea."

Wazee wa Kiswahili wanasema mficha uchi hazai. Niliingia, nikasema yote: mchanga, wale sita wa mchungaji, sumu, sufuria. Kisha nikavua kofia na kungoja aniambie njia ya Kenani. Bana Chanda akatoka hadi mlangoni, akainama kuitazama ndoo.

"Utabaki," akasema mwishoni. "Lakini kila mutu anaingia ku hii nyumba, mugeni, mupishi, mutoto, hata mchungaji, weye utasimama pale ku kioo, umwambie yote kwa kinywa yako. Siku moja ukisahau, unaenda."

Basi nikawa mtu wa matangazo. Miaka yote iliyobaki ya kazi yangu nilisimama kando ya tangi: "Karibuni. Huyu anauma. Huyu hakai na wenzake. Huyu ana sumu. Huyu si mboga." Na mnajua nini? Watu wa Mansa walipanda minibasi kuja kumwona. Si kwa uzuri wake. Walikuja kwa ajili ya hiyo sumu niliyoificha kama vile ni aibu ya ukoo. Walikuwa radhi kutazama mchanga saa nzima, kwa kuwa sasa walijua ndani yake kuna nani. Bashi Kasonde alikuja kuniamkia tena baada ya mwezi, na chisense alinipa tena baada ya miezi miwili. Nilikula polepole.

Kwa hiyo, wanangu, aina ni ipi? Chagua bunju ambaye unaweza kuyasema mabaya yake yote kwa sauti, mbele ya kila anayekula katika nyumba hiyo, kabla samaki hajafika. Ukiona kuna neno moja unataka kulimeza, huyo si wako.

Bridget, siku ile wewe ulikuwa gredi ya tatu. Hadi leo unapenda kuwasimulia wenzako siku mama yako alipogeuza samaki kuwa mpira, nawe unaisimulia vizuri, huwa nacheka. Wazazi wako walinisitiri, hawakukuambia mengine. Sasa nenda nyumbani, umwambie mama yako, Bana Kasonde, unataka kuleta bunju, na umsomee haya. Akikubali, rudi, nitakusaidia kuchagua.

Mimi siku ile siikumbuki kwa mpira. Naikumbuka kwa sahani yako. Ilikuwa ya kijani, ulikuwa umekwisha kuiosha, na uliishika kwa mikono miwili.